Siku ya Tatu Mpe Jembe



Kila mwaka wa masomo unapoanza tunaona nyuso mpya katika kwaya, katika vikundi vya sala na kwenye viti vya nyuma vya kanisa. Baadhi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hao tunajua namna ya kuwapokea, kwa maana wanakuja wengi kwa pamoja na mambo ni mapya kwao wote. Lakini wamo wengine ambao hatuwatambui upesi. Hao walianza masomo mahali pengine, wakafika mwaka wa pili au wa tatu, kisha wakahamia Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, ISP, ISTM au taasisi nyingine ya mji huu. Wanaingia katika ukumbi ambamo wenzao wamekwisha kufahamiana, wamekwisha kugawana viti, na wamekwisha kujua ni profesa gani anayefika kwa wakati na ni yupi wa kusubiriwa. Juu ya vijana hao tunataka kusema neno leo.

Wapo wanaohama kwa sababu za kawaida: baba amehamishwa kikazi, au fakulte waliyoitaka haikuwepo walikokuwa. Lakini huku mashariki ya nchi yetu vita ndivyo vinavyowahamisha wengi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Familia zilitawanyika. Wengine walielekea Beni na Butembo, wengine Kisangani au Kinshasa, wengine walivuka mpaka kwenda Uganda, na wengine walifika hapa kwetu. Ndani ya mkoa wa Ituri nako hakuna utulivu. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, watu zaidi ya 40 waliuawa Komanda, wengi wao wakiwa waamini waliokusanyika kusali katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Kijana anayetoka katika mambo kama hayo akaja kusoma Bunia amebeba zaidi ya sanduku lake.

Tunalisema neno hili katika miezi ya mvua kwa makusudi, maana ndiyo miezi inayompima mgeni. Bunia haina theluji. Tuko nyuzi moja na nusu hivi kaskazini ya mstari wa Ikweta, na mchana wetu una saa kama 12 mwaka mzima. Hata hivyo mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Anayepanda kutoka Kasenyi au Tchomia, kwenye ufuko wa Ziwa Albert, ametoka mahali palipo na urefu wa mita 620 hivi, penye joto usiku na mchana. Anayetoka Kisangani amezoea mita 400 hivi na joto la msitu. Kila mmoja wao amefungasha nguo za kule alikotoka. Kisha zinamkuta mvua za Agosti hadi Novemba, alfajiri yenye ubaridi, chumba cha kupanga kisicho na dari chini ya bati, shuka moja, na nguo zilizofuliwa Jumamosi ambazo hadi Jumanne hazijakauka. Njia ya kwenda chuo imekuwa tope. Mwenyeji anajua kichochoro cha kukwepa dimbwi, anajua ni nyumba gani atakayojibanza mvua ikimkuta njiani, na anaye jirani wa kumwazima mwavuli. Mgeni hajui lolote kati ya hayo. Anafika amechelewa, amelowa, anakaa nyuma, na mvua inayopiga bati la ukumbi inamzuia kusikia sauti ya mwalimu.

Mtu akimwona hivyo husema: atazoea. Tunataka kulipinga neno hilo dogo. Tunasema kwamba mgeni hazoei peke yake. Kuzoea ni kazi ya watu wawili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa mwanzoni, ni ya mwenyeji.

Wahenga walituachia methali ambayo kila mmoja wetu anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia dhidi ya mgeni, kana kwamba inamwambia kuwa amekaa vya kutosha na sasa ajitegemee. Tuisikilize tena. Methali haisemi kwamba siku ya tatu mgeni atafute jembe. Inasema mpe. Amri inamwangukia mwenyeji. Yeye ndiye mwenye shamba, ndiye anayejua mpaka wake, ndiye aliye na jembe la ziada nyuma ya nyumba. Mgeni asiye na jembe hawezi kulima hata akiwa na mikono yenye nguvu, na anayemwita mvivu kabla ya kumpa chombo hicho hamtendei haki. Vilevile methali haimwambii mwenyeji aendelee kumkarimu mgeni kwa wali na kuku mwezi mzima huku akimwacha akae tu. Mtu asiyepewa kazi hubaki mgeni daima.

Ili tulielewe jambo hili vizuri zaidi, yafaa tuwatazame kwanza ndugu zetu waliokwenda kusoma katika nchi za baridi kali, kwa sababu huko mambo haya yameonekana wazi na yamechunguzwa. Katika vyuo vikuu vya Québec, nchini Kanada, muhula unaoanza mwezi wa Januari huitwa muhula wa baridi. Mwanafunzi kutoka Kongo anaweza kupanda ndege akiwa katika joto la nyuzi 30 na kushuka Montréal, ambako wastani wa joto mwezi huo ni kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri. Kule Brussels, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivi kwamba mchana hauzidi saa nane sana. Kijana aliyezaliwa karibu na Ikweta hajawahi kuona jambo kama hilo. Anakwenda darasani gizani na anarudi gizani.

Mwaka 1976 daktari mmoja kijana, Norman Rosenthal, alihama kutoka Afrika Kusini kwenda Marekani kuendelea na masomo yake ya tiba. Majira ya baridi ya New York yalipofika aliona nguvu zake zinapungua na kazi zinamlemea, na majira ya kuchipua yaliporudi nguvu nazo zikarudi. Hakuliacha jambo hilo lipite. Pamoja na wenzake alilichunguza, na mwaka 1984 wakaandika kuhusu aina ya huzuni inayowapata watu fulani mwanga wa mchana unapopungua, na jinsi mwanga mkali wa taa unavyoweza kuwasaidia. Tunaona jambo la maana hapa. Huzuni ile haikuwa uvivu wala upungufu wa imani. Ilikuwa na chanzo chake, na kwa kuwa ilikuwa na chanzo, ilikuwa na dawa. Mtu aliyeambiwa tu ajikaze asingepona kwa kuambiwa hivyo. Alihitaji mwanga.

Wengine walichunguza alama za wanafunzi wanaohama. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, John Hills, alikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya wanafunzi waliotoka vyuo vya miaka miwili kuingia vyuo vikuu. Aliona kwamba katika muhula wa kwanza baada ya kuhama alama zao kwa kawaida zilishuka, na kwamba walioendelea na masomo mara nyingi walizirudisha baadaye. Aliuita mshuko huo mshtuko wa kuhama. Vincent Tinto naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1987 juu ya wanafunzi wanaoacha chuo kabla ya kumaliza, alionyesha kwamba wengi wao hawaondoki kwa kukosa akili. Huondoka kwa sababu hawakupata kuunganishwa na walimu na wenzao, wala hawakujiona kuwa watu wa mahali pale.

Tuyaweke mambo haya pamoja, tuone yanatuambia nini sisi wa Bunia. Mwanafunzi mgeni anaposhindwa mtihani wa kwanza, huenda hakushindwa kwa sababu hajui. Mshuko huo unajulikana na mara nyingi ni wa muda. Hatari ni kwamba wakati anashuka, asiwepo mtu wa kumwambia kwamba ni wa muda. Hapo ndipo anapofungasha virago. Na kijana anayefungasha virago katika mkoa wetu harudi nyumbani kwa amani ili ajaribu tena mwaka ujao. Wengine nyumbani kwao hapakaliki. Wengine wanaishia migodini, na wengine wanapokelewa na wenye bunduki, ambao hawaulizi vyeti wala hawasumbuki na lafudhi ya mtu. Wao wanajua vizuri sana kumpa mgeni jembe la aina yao. Hilo ndilo lililo hatarini, na kwa sababu hiyo hatuwezi kulihesabu jambo hili kuwa la adabu na ukarimu tu.

Nchi yetu yenyewe iliwahi kuhamisha wanafunzi kwa wingi. Mwezi wa Agosti 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, yaani Lovanium cha Kinshasa kilichoanzishwa mwaka 1954, chuo kikuu cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, vikawa chuo kimoja cha taifa kilichoitwa UNAZA. Fakulte ziligawanywa upya. Fasihi na sayansi za jamii zilipelekwa Lubumbashi, saikolojia na elimu zikapelekwa Kisangani, sheria na tiba zikabaki Kinshasa. Mwanafunzi aliyekuwa amezoea joto la Kinshasa alijikuta Katanga, ambako katika miezi ya Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Uamuzi ulitolewa kwa karatasi moja, lakini kila kijana ilimpasa kutafuta kitanda, rafiki na blanketi katika mji asioujua. Mpango huo ulidumu miaka kumi, na mwaka 1981 vyuo vikatenganishwa tena. Tunaikumbuka habari hiyo kwa sababu moja. Amri ya serikali inaweza kumhamisha mwanafunzi kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini haiwezi kumfanya mwenyeji. Kazi hiyo hubaki kwa watu wa mji anaoufikia.

Siku hizi upo mzigo mwingine ambao wenyeji hawauoni, nao ni karatasi. Tangu mwaka wa masomo 2021 hadi 2022 vyuo vyetu vimekuwa vikiingia katika mfumo wa LMD, ambamo mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60, na lisansi huhitaji krediti 180. Kwa maandishi mfumo huu unamfaa sana anayehama, kwa kuwa krediti alizokwisha kuzipata zinapaswa kumfuata. Lakini lazima zithibitishwe kwa nakala ya alama yenye mhuri wa chuo alichotoka. Aliyekimbia usiku hakupitia ofisi ya uandikishaji kuomba mhuri. Tena kozi yenye jina moja inaweza kuwa na krediti nne huku na tatu kule, na mwanafunzi akajikuta anadaiwa kozi aliyokwisha kuisoma. Anapanga mstari ofisini, anaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ni siku ya mvua.

Yapo pia mambo ya lugha. Kiswahili tunachokisema Bunia si kile cha Goma wala cha Bukavu, na anayetoka Kisangani huchanganya na Kilingala bila kukusudia. Mgeni akifungua kinywa ukumbi hucheka. Kicheko chenyewe si cha chuki. Ila anayechekwa mara tatu hujifunza kunyamaza, na mwanafunzi asiyeuliza swali darasani amepoteza nusu ya chuo. Ndugu zetu waliokwenda Kampala wanalijua jambo hili zaidi, kwa kuwa huko iliwabidi kuacha Kifaransa walichosomea tangu utoto na kuanza kuandika mitihani kwa Kiingereza.

Na liko swali moja ambalo katika mji wetu yapasa tuliulize kwa uangalifu, yaani: wewe ni wa wapi? Katika miji mingi swali hili ni la salamu. Kwetu lina historia. Katika vita vya 1999 hadi 2003 mji huu uligawanyika kwa makabila, na jibu la swali hilo liliweza kuondoa uhai wa mtu. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, lakini mmelelewa na watu waliokuwepo, na mgeni naye amelelewa na watu wa namna hiyo. Anapoulizwa kwao ni wapi, jina la ukoo wake ni nani, baba yake anasema lugha gani nyumbani, moyo wake unahesabu haraka ni jibu gani lililo salama. Hatusemi tusiulizane habari. Tunasema kwamba yako maswali mengine ya kuanzia: unasoma nini, unakaa mtaa gani, umekula, unazo notisi za wiki iliyopita? Asili yake atatuambia mwenyewe siku atakayotaka, na siku hiyo itakuwa ni zawadi ametupa.

Tunajua mtakayojibu. Wa kwanza atasema: sisi wenyewe ni maskini, tutampa nini mgeni? Ni kweli. Wengi wenu mnashiriki chumba kimoja watu watatu, mnakula mara moja kwa siku, na ada hamjamaliza kulipa. Lakini mambo mengi anayoyakosa mgeni hayauzwi dukani. Kumwonyesha njia isiyo na tope hakuna gharama. Kumpigia picha kurasa za silabasi kwa simu ni jambo la dakika chache. Kumweleza kwamba profesa fulani huuliza swali lilelile kila mwaka kutoka sura ya pili hakumpunguzii mwenyeji chochote.

Wa pili atasema: mgeni naye ajitahidi, asikae akingoja kubebwa. Hilo nalo ni kweli, na methali yetu inakubaliana nalo, kwa maana jembe hupewa mtu ili alime. Mgeni anayekataa kila mwaliko na kubaki chumbani akiwasiliana kwa simu na marafiki wa kule alikotoka anajinyima mwenyewe. Ila tusilitumie neno hili kabla ya wakati wake. Tujiulize kwanza kama jembe limekwisha kutolewa, ndipo tupime kama limelima.

Wa tatu, na huyu ndiye tunayemsikiliza kwa makini zaidi, atasema: hizi ni nyakati za hatari, hatujui nani anakuja wala ametumwa na nani. Hatulidharau neno hilo. Uangalifu ni wajibu, na viongozi wa vikundi wanapaswa kujua nani anaingia katika mikutano yao. Lakini tufikiri vizuri. Mtu ambaye hakuna anayemjua, anayekaa peke yake na kuonekana Jumapili tu, hata angekuwa na nia mbaya tungeijuaje? Mtu aliyepewa kazi katika kikundi, anayefika siku ya Alhamisi kwa mazoezi ya kwaya, mwenye mwenzake wa kutembea naye, huyo anajulikana. Tukimpokea vizuri tutamfahamu, na kumfahamu ndiko kunakotulinda pia.

Sasa tuseme jembe hilo ni nini. Tunapendekeza mambo matano, nayo yote yako ndani ya uwezo wa kikundi cha vijana cha parokia yoyote ya mji huu.

La kwanza ni mtu. Mgeni apewe mwenzi mmoja anayeitwa kwa jina, si kamati. Kamati ikisahau hakuna wa kuulizwa, lakini mtu mmoja huulizwa. Mwenzi huyo awe wa fakulte moja naye kama inawezekana, na kazi yake idumu muhula mzima, kwa sababu mshuko wa alama huja katika muhula huo.

La pili ni nguo na njia. Kabla mvua hazijakolea, kila kikundi kikusanye makoti, suweta, miavuli na viatu vya mvua ambavyo havitumiki nyumbani. Visigawanywe mbele ya watu wote baada ya Misa kama msaada kwa wahitaji. Viwekwe mahali, na mwenzi wa mgeni ampelekee kimyakimya kile anachohitaji. Kijana wa miaka 20 hupendelea kutetemeka kuliko kuaibishwa, na katika hilo tusimlaumu.

La tatu ni chumba. Wenye nyumba huomba garanti, yaani kodi ya miezi kadhaa kabla mtu hajaingia, na kwa mgeni asiye na mdhamini mlango hufungwa. Parokia zetu zina wazazi wenye vyumba. Kikundi kikimdhamini kijana kwa neno lake, mwenye nyumba huenda akakubali kupokea mwezi mmoja mmoja. Tuwaombe wazazi wetu jambo hilo waziwazi.

La nne ni karatasi. Miongoni mwa walei wa parokia zetu wamo walimu, makarani na watu wanaojua sheria. Tuwaombe watoe saa moja kwa wiki mwanzoni mwa mwaka, wamsaidie mgeni kuandika barua kwa Kifaransa safi, kupanga nakala zake na kujua ofisi ipi inatangulia. Mwenyeji akimsindikiza hata akasimama tu naye katika mstari, mgeni hataondoka mapema kwa kukata tamaa.

La tano, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, ni kazi. Msimwache mgeni akae kitini mwezi mzima akiitwa mgeni wetu mpendwa. Kama anaimba, apewe sauti yake katika kwaya. Kama anajua hesabu, awafundishe watoto wa sekondari Jumamosi. Kama anatoka Goma na anajua kupiga gitaa kwa namna ya huko, atufundishe. Siku mtakayomtegemea kwa jambo fulani, na mkutano ukakwama kwa kuwa yeye hajafika, siku hiyo amekuwa mwenyeji, na kuanzia hapo atakuwa na sababu ya kuamka alfajiri ya mvua.

Hatuna haja ya kuwakumbusha kwa maneno mengi kwamba Injili ya Mathayo, katika sura ya 25, inamweka mgeni pamoja na mwenye njaa, mgonjwa na mfungwa. Ila tuangalie kwamba katika orodha ile hatakiwi mtu yeyote kuwa tajiri au msomi ili apate kutenda. Yanatajwa mambo ya kawaida kabisa: chakula, kinywaji, nguo, kumwendea mtu alipo. Katika msimu wa mvua wa Bunia mambo hayo ni chai ya moto, suweta, na kubisha mlango wa chumba cha kupanga cha mtu ambaye hakuonekana chuoni tangu Jumatatu.

Kwa hiyo tunawaombeni jambo moja ambalo lingeweza kuanza Jumapili hii. Katika kila kikundi, mwenye kiti aulize ni nani amehamia chuo cha hapa mwaka huu, naye asiulize mbele ya umati, aulize watu wa darasa moja moja. Majina yakipatikana, kila jina lipewe mwenzi kabla ya kufunga mkutano. Kisha katika mkutano unaofuata, kabla ya ajenda nyingine, kila mwenzi aseme kama alimwona mgeni wake wiki hiyo, na kama chumba chake kinavuja.